Jembe, bata na bomba: hivi "ngoma ya asili ya diaspora" ni ngoma gani hasa?

Kila Jumamosi saa tano asubuhi mi naenda klasi ya ngoma hapa Oakland, California. Kuna siku nilimtumia mama klipu kwenye WhatsApp, mama yuko Tanga, hazikupita hata dakika mbili akapiga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya harakaharaka maana hakupiga kwa ajili ya salamu. "Mwanangu, umeandika hapa ngoma ya asili ya diaspora ya Kiafrika, mbona mimi Mwafrika wa miaka sabini siijui?" Swali zuri kabisa. Nikaanza kumjibu, nikajikuta naongea dakika arobaini mpaka bando likamwishia, na bado hakuelewa kwa sababu mi mwenyewe nilikuwa nachanganya mambo. Kwaiyo haya ni yale maelezo, safari hii nimejaribu kuyanyoosha.

Tuanze na neno diaspora maana ndo linaanza kupoteza watu. Nyumbani ukisema diaspora mtu anamwona kaka aliyeko Houston anayetuma dola za Idd na kulalamikia uraia pacha. Hiyo ni diaspora ya pasipoti. Inayosemwa kwenye hizi klasi ni diaspora ya minyororo, yani wajukuu na vilembwe wa watu waliovushwa Atlantiki kwa nguvu, kuanzia miaka ya 1500 mpaka miaka ya 1860 hivi. Wanaohesabu kumbukumbu za meli wanakadiria walipakiwa watu milioni 12.5, waliofika hai kama milioni 10.7. Brazil peke yake ilipokea kama milioni 4.8. Eneo ambalo leo ni Marekani lilipokea moja kwa moja kutoka Afrika watu chini ya laki nne, na hapo wengi wanashangaa maana sinema zimetuzoesha kuona utumwa wote ulikuwa kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi. Shika hizo namba, ndo zinaeleza kwanini ngoma nyingi zinazofundishwa Oakland hazikukulia Marekani, zimekulia Cuba, Haiti, Brazil na Puerto Rico.

Sasa klasi yetu yenyewe. Wiki ya kwanza ya mwezi ni ngoma za Guinea, zinapigiwa chombo kinachoandikwa djembe ila kinatamkwa jembe, ndio, kama lile la kulimia. Wiki ya pili ni Cuba, na vyombo vyao vitatu vinaitwa bata. Ya tatu ni Puerto Rico, ngoma inaitwa bomba. Ya nne Kongo au Haiti, inategemea mwalimu gani yupo mjini. Mama aliposikia jembe, bata na bomba akaniuliza kama nimejiunga na klasi ya ngoma au shamba darasa.

Kosa ambalo karibu kila anayeingia analifanya, na mi nililifanya miezi mitatu, ni kudhani hiyo ni ngoma moja yenye staili nne. Unajifunza kuzungusha bega Jumamosi hii, Jumamosi ijayo unalipeleka bega hilohilo kwenye midundo mingine na mwalimu anasimamisha kila kitu anakuangalia. Wale ni watu tofauti, walioondoka sehemu tofauti, karne tofauti, wakakutana na mabwana tofauti. Na wengine hawakuja kwa meli kabisa, walikuja kwa ndege. Hiyo ya meli na ndege ndo fundo lenyewe, ukilifungua hilo mengine yanaachia.

Waliokuja kwa meli

Chukua Cuba. Ngoma za maorisha, yani miungu kama Yemaya, Chango, Ochun na wenzao, asili yake ni Wayoruba wa upande wa Nigeria na Benin ya leo. Kwanini Wayoruba wameacha alama kubwa hivyo Cuba na Bahia kule Brazil wakati Marekani huwaoni sana? Ni suala la tarehe. Dola ya Oyo, ya hao Wayoruba, ilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1800, vita vikatapakaa, mateka wakauzwa kwa maelfu, na wakati huo biashara rasmi ya kuingiza watumwa Marekani ilishafungwa tangu 1808 ila Brazil iliendelea mpaka 1850 na Cuba mpaka miaka ya 1860. Kwaiyo Wayoruba walifika Cuba wengi, kwa mkupuo, na mwishoni, yani kumbukumbu bado ni mbichi. Alafu Wahispania waliruhusu vyama vilivyoitwa kabildo, kila "taifa" na chama chake, wenye asili ya Yoruba peke yao, wenye asili ya Kongo peke yao, Waarara wa upande wa Dahomey peke yao. Nia ya watawala ilikuwa kuwagawa ili wasiungane. Matokeo yake kila kundi likatunza vyombo vyake, nyimbo zake na miguu yake mpaka leo.

Wakongo ndo wengi kuliko wote na ndo wanaosahaulika kuliko wote. Pwani ya kuanzia Loango kushuka mpaka Angola ilitoa kama watu milioni 5.7, karibu nusu ya biashara nzima. Ukiona Mbrazili anacheza samba, neno lenyewe wengi wanalihusisha na semba ya Kimbundu, lugha ya Angola, yani kugonganisha vitovu. Kuna jongo, ngoma ya watu wa mashamba ya kahawa bonde la Paraíba, na vyombo vyao wanaviita pia angoma. Siku ya kwanza ya wiki ya Kongo mwalimu alishika lile gogo refu lililowambwa ngozi akasema, "Hii inaitwa ngoma," darasa zima likarudia kwa bidii, ngo-ma, ngo-ma, na mi nimesimama mstari wa nyuma machozi yananilengalenga kama mjinga. Ni neno letu wote wa Kibantu. Lilipita msitu mzima upande ule na upande huu, likavuka bahari, na bado halijabadilika hata herufi.

Marekani stori ni nyingine na inauma kidogo. Mwaka 1739 watumwa wa South Carolina waliasi kando ya mto Stono, wakatembea barabarani wakipiga ngoma kuwaita wenzao. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa, pamoja na mambo mengine ikapiga marufuku ngoma na baragumu. Sio kila jimbo lilikuwa na sheria ileile, New Orleans kwa mfano walikuwa wanakusanyika Jumapili kwenye uwanja ulioitwa Congo Square wanapiga na kucheza waziwazi, na amri ya jiji ya 1817 ndo iliyowabana wafanye mahali pamoja tu. Ila sehemu kubwa ya kusini chombo kilinyamazishwa. Watu wakafanyaje? Wakapiga miili yao. Kuna kitu kinaitwa juba, unapiga mapaja, kifua, mashavu, na mguu unagonga sakafu, yani mtu mmoja anakuwa kundi zima. Na kwenye visiwa na pwani ya Georgia kuna ring shauti, watu wanazunguka duara kinyume cha saa, miguu inaburuzwa bila kupishana kwa sababu kanisani walishakubaliana ukipishanisha miguu hiyo ni dansi na dansi ni dhambi, usipopishanisha hiyo ni ibada. Mdundo unatoka kwa mzee mmoja aliyekaa anagonga mpini wa ufagio kwenye sakafu ya mbao. Mpini wa ufagio! Hapo ndo utaelewa kwanini Wamarekani weusi wenye hamu ya ngoma za ngozi walilazimika kuzifuata Havana, Port-au-Prince na Conakry alafu wakazileta kwenye kumbi za kukodi, wakalipia kiingilio kujifunza.

Waliokuja kwa ndege

Mwaka 1934 msanii wa Sierra Leone, Asadata Dafora, alipandisha jukwaani New York mchezo ulioitwa Kykunkor, wenye wachezaji na wapigaji wa Kiafrika, na watazamaji wakaona kwa mara ya kwanza kwamba ngoma ya Afrika inaweza kujaza jukwaa la mjini bila kugeuzwa kichekesho. Mwaka uliofuata binti wa Chicago aliyekuwa anasoma anthropolojia, Katherine Dunham, akaenda Karibi na hasa Haiti, akajifunza yanvalu, ngoma ya huko, na nyinginezo, akarudi na kutengeneza mfumo mzima wa kufundisha, na ukiingia klasi yoyote ya aina hii leo ukaona mazoezi ya kutenganisha shingo, mabega, mbavu na kiuno huku ngoma zinalia, kuna mkono wake hapo. Huyu mama simwachi bila kusema hili, 1992 akiwa na miaka 82 aligoma kula siku 47 kupinga wakimbizi wa Haiti kurudishwa baharini. Hakuwa anachukua miondoko ya watu tu.

Pearl Primus, mchezaji mzaliwa wa Trinidad, naye alisafiri Afrika Magharibi na Kati mwishoni mwa miaka ya 1940.

Ila kilichogeuza klasi ziwe zilivyo ni Guinea. Fodéba Keïta alianzisha kundi la Les Ballets Africains akiwa Paris, Guinea ikapata uhuru 1958, kundi likawa la taifa, na 1959 wakacheza New York. Fikiria Mmarekani mweusi wa mwaka ule, bado kuna viti vya basi asivyoruhusiwa kukaa kwao kusini, anaona serikali ya Kiafrika imetuma wachezaji wake kama inavyotuma mabalozi. Mpigaji mmoja wa kundi hilo, Ladji Camara, akahamia Marekani akaanza kufundisha djembe, wanafunzi wake wakafundisha wengine, na chombo cha Wamandinka ambacho hakikuwa na historia kubwa Marekani kabla ya hapo kikawa ndo sura ya "ngoma ya Kiafrika" kila mji. (Keïta mwenyewe aliishia vibaya, aliuawa 1969 na utawala uleule alioutumikia.) Hapa Oakland tulipata bahati ya Malonga Casquelourd, mcheza na mpiga ngoma wa Kongo-Brazzaville aliyeanzisha kundi la Fua Dia Congo 1977 na kufundisha vizazi. Alifariki 2003 kwa ajali ya gari, na jengo la sanaa la mtaa wa Alice alikokuwa anafundisha sasa lina jina lake.

Kwaiyo mtu akikwambia djembe ni urithi wa watumwa wa Marekani, kwa upole mwambie hapana, huo ulikuja na ndege. Akisema basi sio halisi, mwambie hapana pia. Imeshakaa miaka zaidi ya sitini, imezika wazee, imeozesha watoto. Kuna familia hapa bibi, mama na mjukuu wote wako klasi yetu.

Nani anamfuata nani

Hapa ndo penye utamu na ndo pagumu kueleza kwa simu. Ukitaka kujua ngoma hizi zinatofautiana wapi usiangalie miguu, angalia nani anatoa amri kati ya mchezaji na mpigaji.

Kwenye ngoma za Guinea anayetawala ni djembe kiongozi. Nyuma kuna mapipa matatu ya fimbo, dundunba lenye sauti nene, sangban katikati, kenkeni jembamba. Wa Pwani wafikirie vumi na chapuo. Wao wanashika njia, hawayumbi. Sisi tunajipanga mistari ya watu watatu wanne tunavuka ukumbi kuelekea wapigaji, wakongwe mbele wageni nyuma. Unacheza mwondoko mmoja weee unarudia, mpaka djembe kiongozi anapiga kifungu kimoja cha haraka chenye sauti kavu, kile wanakiita breki. Ukikisikia unamalizia hatua na kwenye pigo linalofuata wote mnabadilisha kwa pamoja. Mwezi wa kwanza mi nilikuwa nahesabu, moja mbili tatu nne, kama niko mchakamchaka, na breki ikilia nakuwa bado nahesabu, siku moja nikamkanyaga mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mbele yangu mpaka kucha ikang'oka. Nikaomba radhi sana. Akasema, "Binti, acha kuhesabu, sikiliza." Kwake ndo kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba breki ni sentensi, mtu anaongea na wewe, huwezi kumjibu huku unahesabu herufi.

Bomba ya Puerto Rico ni kinyume kabisa. Vyombo ni mapipa, zamani yalikuwa mapipa ya bidhaa na pombe kweli, yamewambwa ngozi ya mbuzi. Moja linaitwa buleador, hilo linashikilia mdundo, lingine primo. Mchezaji anaingia mmoja peke yake, anatembea kwa madaha, anamsalimia mpiga primo kwa kichwa, alafu anaanza kutupa vishindo, bega, goti, pindo la sketi, na kila anachotupa primo lazima akigonge palepale. Mchezaji ndo anapiga ngoma, ila kwa mikono ya mtu mwingine. Ukisimama ghafla naye asimame. Wakali wa hii wanamtega mpigaji, wanajifanya wanaenda kushoto alafu kisigino tu kinagonga, na watu wanapiga kelele kama mtu amepigwa chenga uwanjani. Mara ya kwanza nilipoingia kati nikasubiri breki. Nikasubiri. Mpigaji naye ananisubiri mimi. Tukaangaliana hivyo mpaka watu wakaanza kucheka, ikabidi nikohoe tu, na jamaa akagonga kikohozi changu kwenye primo, pa!

Bata za Cuba nazo ni dunia ya tatu. Ziko tatu, zinakaa mapajani, kila moja ina nyuso mbili, kubwa anaitwa iya yani mama, wa kati itotele, mdogo okonkolo. Kiyoruba ni lugha ya kupanda na kushuka sauti, na zile nyuso sita zinaweza kuigiza huo mpando na mshuko, kwaiyo kila orisha ana maneno yake yanayopigwa. Hapa mpigaji hakufuati na wala hakupi breki ya wanafunzi, wote wawili mnafuata mazungumzo na orisha. Usipojua wimbo umefikia wapi umepotea. Sketi ya Yemaya inaanza kama wimbi dogo ufukweni, maneno ya iya yakibadilika bahari inachafuka, na hujui imechafuka saa ngapi kama hukusikiliza. Rumba ni kitu kingine tena, ya mitaani ya Havana na Matanzas, haina dini, na UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao 2016, ukipenda nitaiandikia siku nyingine maana aina zake, yambu, guaguanko na kolumbia, haziishi.

Kinachofanana kote ni magoti. Magoti yamelegea, uzito uko chini, na mwili haubebwi kama mti mmoja, kila kiungo kina mdundo wake. Kwa aliyekulia chakacha hiyo sehemu haina shida, kiuno kinajua kazi yake. Kilichonitoa jasho ni mgongo wa yanvalu ya Haiti, unainama na mgongo mzima unapita kama nyoka kutoka kiunoni mpaka kisogoni, na nyoka ndio mwenyewe, Danbala, mzimu wa nyoka wa Haiti.

"Mnapandisha mashetani?"

Mama aliuliza hili mapema sana na kwa sauti ya chini. Ni swali la haki. Yanvalu ni ya ibada za vodu, dini ya Haiti, Yemaya anaabudiwa na watu wazima wenye akili zao Havana na hapahapa Oakland. Ila ngoma ya klasi na ngoma ya ibada wenyewe wanazitenganisha, tena wakali kuliko sisi. Bata za ibada zinawekwa wakfu, zina nguvu ndani yake inayoitwa anya, zina watu maalumu wa kuzigusa na masharti yake. Zinazopigwa klasi ni bata ambazo hazijawekwa wakfu, wanaziita aberikula. Miondoko ileile, mlango umefungwa. Nikamwambia mama ni kama tofauti ya kujifunza shuleni ngoma ya kibuki, ile ya kupandisha mashetani, na kwenda kwa mganga kwenye kibuki chenyewe, akanyamaza kidogo akasema, "Haya, lakini sala tano usiache."

Wapo walimu wanaokataa kabisa kufundisha ngoma za maorisha kwa wapita njia, na wapo wanaosema zisipofundishwa zitabaki kwa watalii tu. Mi nawaelewa wote, ila mwalimu anayefundisha sketi ya Yemaya bila kusema Yemaya ni nani, huyo simwelewi.

Na hilo neno "asili"

Dundunba, jina moja na lile pipa ila hapa ni ngoma ya kucheza, ya wanaume wenye nguvu wa Wamandinka wa Hamana huko Guinea, kijijini inachezwa kwa duara na inaweza kuchukua saa nyingi. Sisi tunaicheza kwa mistari inayoangalia mbele, dakika kumi, na miondoko imepangwa. Mistari hiyo haikutoka Hamana, imetoka jukwaani, kwa Keïta na mabaleti ya taifa yaliyofuata, kwa sababu jukwaa lina mbele na watazamaji wamelipa tiketi. Wengine wakisikia hivyo wanaona wametapeliwa. Jamani, mi ni Mdigo na nimecheza sindimba shule ya msingi kila alipokuja mgeni rasmi, sindimba ya Wamakonde, iliyotolewa kwenye mambo ya jando na unyago ikavalishwa shati jeupe na kufupishwa mpaka mgeni apate muda wa kupanda mti. Baada ya uhuru nchi nyingi zilifanya hivyo, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimetoa wachezaji wazuri kwa njia hiyohiyo. Klasi ya Oakland imeongeza mila zake tu, kuna kuvuka ukumbi kwa mistari, kuna duara la mwisho ambapo kila mtu anaingia kati na kuonyesha alichonacho, kuna kugusa sakafu mbele ya wapigaji mkimaliza, na kuna bakuli, kwetu ni dola 20, na sehemu kubwa inaenda kwa wapigaji, ukijaribu kucheza bure watu wazima watakuangalia mpaka utoe.

Sasa sisi tuko wapi?

Hili ndo lilikuwa swali lenyewe la mama. Kwanini ngoma ya pwani yetu haimo? Kwa kiasi imo. Kusini mashariki mwa Afrika, hasa Msumbiji, kulipakiwa zaidi ya watu laki tano kuelekea Atlantiki, ndo maana Cuba na Brazil kumbukumbu zinawataja Wamakua. Lakini sehemu kubwa ya watu wetu walipelekwa upande mwingine. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watu 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Wengine walipelekwa Uarabuni, Uajemi, India.

Na walicheza. Oman, Emirates, Bahrain na Kuwait kuna leiwa, watu wanazunguka mpiga zumari na baadhi ya maneno ya nyimbo ni Kiswahili ambacho waimbaji wenyewe maana yake imeshawapotea. Gujarat, India, kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ngoma yao inaitwa goma, wanaichezea mtakatifu wao Bava Gor. Mauritius kuna sega, Shelisheli mutya, Réunion maloya, ambayo ilibanwa miaka mingi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80, na zote tatu za visiwa UNESCO imeshaziandika. Chombo cha maloya ni boksi bapa la mabua lenye mbegu ndani, unalishika kwa mikono miwili unalitikisa kushoto kulia. Wanaliita kayamb. Nilimwonyesha mama picha bila kumwambia ni ya wapi, akasema, "Hilo kayamba la nani, mbona limefumwa vizuri hivyo?"

Klasi ya hizo hapa Oakland sijaiona. Sababu naiona ni ileile ya meli na ndege, waliobeba ngoma mpaka California walitoka Atlantiki, na wa Bahari ya Hindi hawakuwa na Dunham wao wala baleti ya kutembea New York 1959.

Wiki hii ni zamu ya bomba tena. Kwenye ngoma za Guinea unafunga kitambaa kiunoni wanakiita lapa, mi nafunga kanga yangu ya Hasidi Hana Sababu, kibwebwe cha kweli, na kila mtu ameshaniuliza imeandikwa nini. Bomba lakini inataka sketi pana ya kushika pembe mbili na kurusha, kanga moja haifiki, nikiirusha inaonyesha mapaja. Mwalimu akasema nishone vitambaa viwili pamoja. Nikaenda kabatini nikatoa doti mpya ambayo mama alinitumia Idd, bado haijakatwa, nikaipima kiunoni mbele ya kioo. Ilivyo hivyohivyo, mzima mzima, inatosha.